Safari ya Kambale: Mazungumzo kwa Wakaao Kando ya Mto Ruvuma

Mazungumzo yetu ni juu ya samaki mmoja ambaye hapana nyumba kando ya Ruvuma isiyomjua, naye ni kambale. Labda mtasema, "Kambale twamjua tangu utoto wetu, je, kuna neno gani jipya?" Ni kweli, mwamjua kwa utamu wa nyama yake na kwa uchungu wa mwiba wake. Walakini liko jambo moja katika maisha yake litokealo gizani, usiku wa mvua kubwa, watu wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Na katika jambo hilo moja kitoweo cha miaka ijayo hupatikana au hupotea. Jambo lenyewe ni safari yake ya kwenda kutaga mayai. Twapenda kuieleza safari hiyo hatua kwa hatua, kisha tutatoa shauri.

Twasema hasa na watu wa Nalasi, katika wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma, ambao mji wake mkuu ni Songea. Nchi yao yatazama kusini, kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Mto huo watoka katika milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, ukaenda mwendo wa kilometa 800 hivi mpaka Bahari ya Hindi. Njiani wapokea maji ya mito mingi. Mkubwa katika hiyo ni Lugenda, utokao upande wa Msumbiji. Wakati wa kiangazi Ruvuma huwa mto wa mchanga na mawe, na maji yake hugawanyika katika mikondo myembamba. Mwaka 1862 David Livingstone alijaribu kuupanda kwa mashua wakati wa maji haba, akazuiliwa na miamba, akarudi. Mvua ziingiapo, mwezi wa Novemba au Desemba, mto huo huo hubadilika sura. Maji huwa mekundu, huongezeka usiku mmoja, huingia katika vijito vilivyokuwa vikavu, hata huenea katika mbuga za majani. Pale mashua iliposhindwa, samaki hupita.

Sasa na tumtazame msafiri mwenyewe. Kambale wetu huitwa na wataalamu Clarias gariepinus. Jina la pili latokana na Gariep, jina la zamani la mto Orange wa Afrika Kusini, kwa kuwa huko ndiko alikopatikana yule aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na Burchell mwaka 1822. Lakini samaki huyu si wa Afrika Kusini peke yake. Yuko katika mito na maziwa ya Afrika karibu yote, yuko katika Nile, tena yuko hata nchi za Mashariki ya Kati. Vitabu vyataja kambale wa urefu wa meta 1.7 na uzito wa kilo 60, yaani sawa na mtu mzima. Hao ni wachache. Lakini hata kambale wa kilo tano ni mzigo wa furaha nyumbani.

Hana magamba, na kwa sababu hiyo wako watu wasiomla. Ngozi yake ni laini yenye utelezi, kichwa chake ni kipana na kigumu kama bakuli la mfupa, na kando ya kinywa ana ndevu nane. Ndevu hizo ndizo mikono yake na pua yake katika maji ya tope. Kwa hizo hupapasa na kuonja, maana macho yake ni madogo. Katika kila pezi la kifuani ana mwiba mgumu. Chakula chake hakina uchaguzi: wadudu, konokono, vyura, samaki wadogo, mbegu, matunda yaangukayo majini, hata mzoga.

Lakini ajabu yake kubwa ni pumzi. Samaki wengine huvuta hewa iliyo ndani ya maji kwa matamvua tu, yaani yale mashavu mekundu. Maji yakiharibika au yakipungua, hufa. Kambale ana matamvua kama wenzake, na juu yake ana kiungo kingine kilichogawanyika mfano wa vijitawi vya kichaka, chenye damu nyingi. Huja juu ya maji, akameza hewa kama sisi, kisha hushuka tena. Kwa kiungo hicho aweza kukaa katika dimbwi la tope ambalo samaki wengine wamekwisha kufa humo. Tena usiku wa umande au mvua aweza kutoka majini akajikokota juu ya majani kwa kuegemea miiba ya mapezi yake, akatafuta maji mengine. Mtu aliyemwona kambale njiani usiku, mbali na mto, hakuona pepo, alimwona msafiri.

Haya ndiyo maumbile yanayomwezesha kufanya safari yake. Mayai huanza kukua tumboni mwa jike kabla ya mvua, joto linapoongezeka na siku zinapokuwa ndefu. Mvua kubwa za kwanza zinapofika, mayai yamekuwa tayari, lakini hayatagwi. Jike hungoja. Hangoji siku ya mwezi wala nyota; hungoja maji kupanda na kuifunika nchi kavu.

Jambo hili wafugaji wa samaki walilijua kwa taabu. Kambale akiwekwa bwawani akalishwa vizuri, hunenepa, hujaa mayai tumbo zima, na huenda akakaa nayo miezi mingi bila kuyataga, kwa kuwa bwawa halifuriki. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliendeleza njia ya kumdanganya: huchukua tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, huisaga, humdunga jike kwa sindano, na baada ya saa chache mayai hutoka. Basi angalieni, mabwana na mabibi: kazi inayomgharimu mfugaji sindano na dawa na mtu aliyefundishwa, mvua moja ya Desemba huifanya bure katika mbuga zenu.

Maji yakipanda, ndipo safari huanza. Kambale hutoka katika vilindi vya mto, wakubwa na wa kadiri, wanaume na wanawake, wakaingia katika vijito, wakapanda dhidi ya mkondo mpaka mahali maji yanapotandaa juu ya majani mapya. Husafiri usiku. Mahali pengine maji hayawatoshi hata kufunika migongo, nao hupita hivyo hivyo, nusu wakiogelea na nusu wakitambaa, na sauti ya mikia yao husikika mbali. Wakifika, madume hupigana kwanza. Kisha kila dume na jike hujitenga katika maji yasiyofika goti. Dume hujikunja kama upinde akakizunguka kichwa cha jike, wakatulia hivyo kitambo kidogo. Jike hutoa mayai, akapiga mkia kwa nguvu, na mayai hutawanyika. Kila yai lina gundi. Hushika jani la nyasi likabaki hapo.

Hesabu ya mayai hayo yapasa kujulikana. Gramu moja ya mayai yaliyokomaa ina mayai yapata 700. Jike la kilo moja lililojaa laweza kuwa na gramu mia za mayai, yaani mayai yapata 70,000. Watu humwona samaki mmoja katika kikapu. Lakini aliyemchukua jike huyo kabla ya kutaga amechukua na mbegu ya shamba zima.

Baada ya kutaga, wazazi hawakai kulinda. Malezi yao yote ni kuchagua mahali pazuri. Hurudi katika maji marefu, na mayai huachwa kwa Mungu. Katika maji ya joto mayai huanguliwa baada ya saa 24 mpaka 36. Vifaranga hukaa katika nyasi, siku za kwanza wakiishi kwa akiba ya kiini cha yai, kisha huanza kula vijidudu ambavyo mafuriko yamevizalisha kwa wingi katika majani yaozayo. Hapo hakuna samaki wakubwa wengi wa kuwala; mbuga iliyofurika ni nyumba yao ya kulelewa. Wakifika urefu wa sentimeta moja na nusu au mbili na nusu, na maji yakianza kupungua, nao hushika njia waliyoijia wazazi wao, wakarudi mtoni. Safari ya wazazi ni kupanda kwa mafuriko na kushuka. Safari ya watoto ni kushuka tu, wakiwa wembamba kama njiti ya kiberiti.

Mwaona, basi, ya kuwa kijito kidogo kilicho kando ya shamba lako, ambacho kiangazi huvukwa na mtoto kwa hatua moja, ni mlango. Mlango huo hufunguliwa na mvua kwa siku chache tu. Mto wote, kwa ukubwa wake, hutegemea milango midogo ya namna hiyo.

Sasa tumefika katika jambo lenyewe. Wavuvi wajua tangu kale ya kuwa samaki wanaopita mahali pembamba ni rahisi kukamatwa. Hutengeneza uzio wa matete au fito toka ukingo hata ukingo, wakaacha mianya, na katika kila mwanya wakatega mgono, mdomo wake ukielekea kule samaki watokako. Usiku mmoja wa mafuriko mzuri, migono hujaa. Asubuhi kila mtu hufurahi. Lakini karibu kila jike lililomo lina tumbo lililojaa, na nyuma ya uzio mbuga nzima imebaki na maji, na nyasi, na vijidudu, ila haina yai hata moja.

Hapa twajua ya kuwa mzee mmoja angesimama akatujibu, na maneno yake yangekuwa ya haki. Angesema, "Wanangu, ninyi mwasema hayo mkiwa mmeshiba. Kambale hupanda wakati gani? Hupanda Desemba na Januari na Februari. Na ghala langu huwa tupu wakati gani? Ni miezi hiyo hiyo. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu hayajabeba. Mungu ameleta samaki mlangoni pangu wakati wa njaa, nanyi mwaniambia niwaache wapite?"

Hatuwezi kumwambia mzee huyu kwamba amekosea. Njaa ya Januari si hadithi. Walakini twamwomba atutazamie jambo moja. Mkulima mwenye njaa ana mahindi machache aliyoyafunga darini juu ya moshi, ya mbegu. Watoto wanalia. Je, huyala? Wako wanaoyala siku ya msiba mkubwa, nasi hatuwalaumu. Lakini kila mtu ajua ya kuwa aliyekula mbegu amenunua mlo mmoja kwa bei ya mavuno. Kambale apandaye ni mbegu iendayo shambani kwa miguu yake yenyewe. Na tofauti yake na mahindi ni hii, nayo ndiyo faraja yetu: mbegu ya mahindi ikiisha kupandwa huwezi kuila, lakini kambale akiisha kutaga hurudi kwako mzima. Samaki uliyemwacha apite akipanda, waweza kumchukua akishuka, na nyama yake haikupungua ila mayai. Basi hatuwaambii watu wasile. Twawaambia waugeuze mgono.

Hilo ndilo shauri letu, nasi tutalieleza tena baadaye. Kwanza natuone yaliyotokea mahali pengine, maana mwenye busara hujifunza kwa jirani.

Katika Ziwa Viktoria yuko samaki aitwaye ningu. Si kambale, lakini desturi yake ni ile ile: mvua zikija huacha ziwa akapanda mito kutaga. Zamani ningu walikuwa wengi mno, na watu wa kando ya mito kama Nzoia, katika Kenya, waliwavua kwa nyuzio na vikapu. Baadaye nyavu zikategwa kwa wingi katika midomo ya mito, majira yale yale ambayo samaki walikuwa wakiingia na mayai yao. Kwa miaka michache mavuno yalikuwa makubwa. Kisha, kabla ya miaka ya 1960 kwisha, uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka, na mpaka sasa haukurudia hali yake ya kwanza. Ziwa ni kubwa sana, lakini mlango ulikuwa mwembamba.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Katika Malawi, kwenye mpaka wa Msumbiji, kuna maziwa mawili jirani, Chiuta na Chilwa. Maji ya Chiuta hushuka kwa mto Lugenda mpaka Ruvuma yetu. Chilwa limefungwa, halina mahali pa kutokea. Ziwa Chilwa hukauka kila baada ya miaka kadhaa. Lilikauka mwaka 1968, likakauka tena mwaka 1995, hata watu wakapita kwa miguu mahali mitumbwi ilipokuwa ikielea. Mtu angedhani samaki wamekwisha kabisa. Lakini kambale walikuwa wamebaki katika vijito na vinamasi na madimbwi ya kando, pamoja na samaki wengine wachache wavumilivu. Mvua ziliporudi, walitoka humo wakalijaza ziwa tena, na baada ya miaka michache tu wavuvi walikuwa wakivua kama kwanza. Wakati wa ukame wa 1995 wazee na wavuvi wa huko walishirikiana na maofisa wa uvuvi kuwalinda samaki waliobaki katika vijito. Walifahamu ya kuwa ziwa kavu si msiba wa mwisho. Msiba wa mwisho ni kuvua kile kidogo kilichokimbilia kijitoni.

Hata nchi za mbali zina habari kama hizo, kwa maana jamaa za kambale ni wengi duniani, na wengine ni wakubwa kuliko wetu na safari zao ni ndefu kuliko tunavyoweza kufikiri. Katika mto Mekong, upande wa Asia, yuko kambale mkubwa ajabu. Mmoja aliyevuliwa Thailand mwaka 2005 alikuwa na kilo 293. Leo samaki hao wako karibu na kutoweka. Katika mto Amazon, Marekani ya Kusini, yuko mwingine aitwaye dourada. Huzaliwa chini ya milima ya Andes, akachukuliwa na maji angali mchanga mpaka karibu na bahari ya Atlantiki, akakua huko, kisha hurudi juu kutaga pale pale milimani. Mwaka 2017 wataalamu walionyesha ya kuwa safari hiyo, kwenda na kurudi, yapita kilometa 11,000. Hapana safari ya samaki wa maji baridi iliyo ndefu zaidi inayojulikana. Lakini mwaka 2012 na 2013 mabwawa mawili makubwa ya umeme, Santo Antônio na Jirau, yalianza kazi katika mto Madeira nchini Brazili, katikati ya njia yao, na safari ya upande huo ikavunjika. Februari 2024 mataifa yaliyokutana Samarkand, katika Uzbekistan, yalimwandika dourada katika mkataba wa kulinda wanyama wahamao, ili nchi zenye mto huo zipatane juu yake.

Angalieni tofauti iliyopo. Ukuta wa Madeira ni wa saruji, na kuuondoa ni shauri la serikali na fedha nyingi. Uzio wa kijito chetu ni wa matete. Aliyeufunga kwa mkono aweza kuufungua kwa mkono, jioni hii hii.

Twasema kweli pia kwa upande mwingine, ili mtu asidhani twatia chumvi. Kambale wa Afrika hayuko katika hatari ya kutoweka duniani. Ni samaki mgumu, huvumilia tope, joto na ukame, na mahali kijito kimoja kimefungwa aweza kutaga katika kingine. Hofu yetu si kwamba kambale atakwisha katika Afrika. Hofu yetu ni kwamba atakuwa haba katika mbuga yako na katika mto wako, wewe ukaaye Nalasi, nawe utamnunua kwa fedha sokoni, ilhali babu yako alimpata bure.

Basi sasa tulieleze shauri letu kwa mpango, mpate kulizungumza katika mabaraza yenu.

Kwanza, usiku wa mafuriko makubwa ya mwanzo uwe usiku wa kambale. Kijiji kipatane kwamba kwa siku chache hizo hapatategwa uzio wowote katika vijito viingiavyo mbugani. Siku hizo ni chache, nazo zina thamani kuliko mwezi mzima wa baadaye.

Pili, baada ya siku hizo, uzio usifunge kijito toka ukingo hata ukingo. Na uachwe mwanya katikati, mahali maji yalipo marefu, mpana kadiri ya mtu kupita bila kugusa upande, wala usiwekwe mgono humo.

Tatu, migono ielekezwe juu, ipokee samaki washukao maji yanapopungua. Nafasi kati ya fito iwe pana, kusudi vifaranga wapite. Samaki wa chini ya sentimeta 30 kwa kawaida hajapata kuzaa hata mara moja, arudishwe. Tena mwangalieni jike akiwa angali hai: tumbo limevimba na ni laini, na likiminywa polepole mayai ya rangi ya kijani na hudhurungi hutoka. Dume hujulikana kwa kijinyama kirefu kilichochongoka nyuma ya tundu la haja. Mtu aliyepata madume na majike akiyarudisha majike yenye mayai, hatalala njaa, na mbuga haitalala tupu.

Nne, vyandarua na utupa. Chandarua ni cha kumkinga mtoto na mbu, si cha kuzoa vifaranga kama pumba. Beseni moja la vifaranga ni mboga ya siku moja. Wangeachwa wakakua, wangekuwa mzigo wa mkokoteni. Na utupa ukisagwa ukatiwa dimbwini huua bila kuchagua, wadogo kwa wakubwa, na chakula chao pamoja nao. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 yakataza sumu na baruti katika uvuvi, lakini hata kama pasingekuwa na sheria, mtu hatii sumu katika chungu atakachokula kesho.

Tano, mbuga zenyewe. Mayai yahitaji majani ya kushikia na vifaranga wahitaji mahali pa kujificha. Mwenye kulima mpunga kando ya kijito na aache ukanda wa nyasi ukingoni. Barabara ikikatiza kijito, bomba liwekwe chini sawa na sakafu ya maji, lisining'inie juu, maana kambale hatambai ukutani. Na maji yakishuka, yako madimbwi yatakayokauka kabisa, yenye vifaranga waliosahauliwa. Hao watakufa au wataliwa na korongo. Wakusanyeni kwa ndoo, wengine wapelekwe mtoni, na mwenye bwawa atie wachache bwawani pamoja na perege. Kambale atakula watoto wa perege wazidio, na wale wabakio watapata nafasi ya kunenepa. Kazi hii yafaa sana kwa vijana wa shule na walimu wao, kwa kuwa ni somo na ni chakula.

Huenda mtu akauliza, "Nikiuacha mwanya mimi, na jirani yangu wa chini akifunga kabisa, nimefaidi nini?" Swali hili ndilo gumu kuliko yote, wala hatuna jibu la ujanja. Mtu mmoja hawezi kufungua mto. Kambale apandaye hupita penye vijiji vingi, na kijiji kimoja chaweza kuharibu wema wa kumi. Ndiyo sababu twasema jambo hili ni la baraza, si la mtu mmoja nyumbani mwake. Wazee wa kijiji cha juu na wazee wa kijiji cha chini wakae pamoja kabla ya mvua, wapatane siku na mianya, na patano lao lijulikane kwa watu wote. Hata ng'ambo ya Ruvuma wako wavuvi, ndugu zetu kwa lugha na kwa damu. Samaki hajui mpaka wa nchi, na mashauri mema yaweza kuvuka mto kama yeye avukavyo. Wahenga walisema, umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Nasi twaongeza kwamba katika uvuvi wa mtoni udhaifu huo huonekana mapema sana, katika chungu.

Tena patano la namna hii lina faida moja ambayo mapatano mengine hayana: matunda yake hayakawii. Mwenye kupanda mnazi hungoja miaka mingi. Kambale aliyeachwa apite Desemba, watoto wake hushuka kabla mvua hazijakwisha, na baada ya mwaka mmoja au miwili wako mtoni wamekuwa samaki wa kuliwa. Mzee yule mwenye ghala tupu, akiwaacha wapande mwaka huu, atawala yeye mwenyewe, si wajukuu zake tu.

Basi, mabwana na mabibi, mvua zitakapoanza kupiga mabati na makuti usiku, na ninyi mmelala, fahamuni ya kuwa huko nje maji yanapanda na safari imeanza. Kila kijito kina wageni wake usiku huo. Wapeni njia wapite. Wakirudi, watakuja na jamaa zao.

Kwa herini, na mvua njema.